Kufanya kazi na mpingo: mwongozo kamili kutoka gogo hadi mng'aro

Chukua kipande cha mpingo mkavu chenye upana na unene wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 30, ukishike kwa mkono mmoja. Kinakaribia kilo moja. Kipande cha mninga cha ukubwa huohuo kina takriban nusu ya uzito huo. Kile cha mpingo ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama kama jiwe, kwa sababu kila sentimita ya ujazo ya kiini chake ina gramu 1.2 au zaidi, wakati maji yana gramu 1 tu. Fundi aliyezoea mninga na mvule, akiletewa mpingo kwa mara ya kwanza, huwa anaharibu vitu viwili kwa mpigo: makali ya vifaa vyake na mbao yenyewe. Anasukuma pale anapotakiwa kukwangua, na ana haraka pale anapotakiwa kungoja.

Mimi huwa nawaambia wanafunzi wauchukulie kama madini yaliyoota porini. Unatobolewa kama shaba, unakatwa hesi (ile mifereji ya kuzungusha skrubu) kama shaba, na ukipata joto unalipa kisasi. Hata hivyo bado ni mti: unanywa unyevu, unautoa, unapasuka.

Kwanza uujue mti wenyewe

Kitaalamu unaitwa Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde, na ndio mti wa taifa wa Tanzania. Huota katika ukanda mpana wa Afrika, kutoka Senegal hadi Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini, lakini mpingo unaofaa kupasuliwa mbao hutoka hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wengi huuita abunusi. Abunusi halisi ni miti ya jenasi nyingine, Diospyros. Mpingo ni ndugu wa ile miti ya Dalbergia inayopendwa na watengeneza magitaa, na undugu huo utauona baadaye kwenye mafuta yake na kwenye vumbi lake.

Usitegemee mti mrefu ulionyooka. Mpingo ni mfupi, una miiba, mara nyingi una mashina kadhaa yaliyopindapinda, na gogo lake lina mifereji na mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Moto wa nyika hupita juu yake karibu kila kiangazi, na majeraha ya moto ndiyo mlango wa kuoza kwa ndani, hivyo magogo mengi yana tundu katikati. Unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kati ya mbao zote zinazopatikana kwenye gogo, zile safi za kiwango cha ala za muziki ni sehemu ndogo sana.

Nimelianza hili mapema kwa sababu ndilo linaloamua mipango yako yote. Ukinunua gogo la mpingo ukipiga hesabu kama ya gogo la msaji, umepata hasara kabla hujawasha msumeno. Piga hesabu ya vipande vidogo: vipini, masega, vikombe vya mayai, vitu vinavyokaa kiganjani.

Kununua: macho, mizani na karatasi

Mpingo uliokatwa una rangi mbili zisizochanganyika. Nje kuna weupe mwembamba, wa rangi ya maziwa au manjano hafifu, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2. Ndani ni kiini, zambarau iliyokoza hadi nyeusi, na mara nyingine kina michirizi ya kahawia. Mpingo mweusi tii kama lami upo, lakini hudhurungi yenye zambarau ndiyo ya kawaida zaidi, na haina kasoro yoyote. Nyuzi zake ni laini mno na kwa kawaida zimenyooka. Vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba ukishausugua huhitaji kuvijaza.

Ulaghai upo, hasa kwenye vinyago. Mbao nyepesi hupakwa rangi ya viatu au wino mweusi na kuuzwa kwa jina la mpingo. Wengi hupendekeza kusugua kwa kitambaa chenye spiriti: rangi ikitoka, ni bandia. Ushauri huo umewakosesha watu mali nzuri. Mpingo halisi nao hutoa rangi ukiguswa na spiriti au asetoni, kwa sababu una utomvu unaoyeyuka. Kitambaa kitabaki na doa la zambarau au kahawia. Tazama kilichobaki kwenye mbao. Bandia huacha sehemu iliyopauka chini ya rangi, mpingo hubaki na weusi wake. Njia bora zaidi ni kukwangua kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana, kwenye kitako, halafu kupima uzito. Pima urefu, upana na unene kwa sentimita, zizidishe, kisha gawanya gramu kwa jibu hilo. Kipande kikavu cha kiini kikitoa chini ya 1.1, uliza maswali. Jaribio la ndoo peke yake halitoshi: mbao mbichi za miti mingine pia huzama.

Angalia ncha zote mbili. Ufa unaoanza kwenye moyo wa gogo na kuchanua kama nyota mara nyingi umeingia ndani kuliko unavyoonekana. Gonga kwa nyundo ndogo: kipande kizima hulia kama kengele, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa. Mafundi wengine huona jambo hili kama mazingaombwe, lakini jaribu kwenye vipande kumi na sikio lako litazoea.

Kisha karatasi. Tanzania, uvunaji unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndio wasimamizi wa misitu ya serikali kuu. Muuzaji halali ana kibali cha kuvuna, risiti za malipo na hati ya kusafirisha mazao ya misitu inayolingana na mzigo uliopo mbele yako. Omba nakala na uihifadhi, hata kama umenunua vipande vitatu tu. Kusafirisha magogo ghafi nje ya nchi hakuruhusiwi. Ukipata mpingo wa misitu ya vijiji, ni bora zaidi: mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri) kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, na mpingo ndio uliowafikisha huko.

Kukausha: hapa ndipo kazi inapokufa au kupona

Nitakaa hapa kidogo, maana karibu kila malalamiko niliyowahi kusikia kuhusu mpingo yanatokana na hatua hii.

Mpingo hutoa maji polepole sana kupitia ubavuni, lakini haraka kupitia kwenye ncha. Ncha ikikauka husinyaa, katikati bado ni bichi na haitaki kusinyaa, basi ncha inapasuka. Dawa ni kuziba mlango huo. Siku ileile gogo linapokatwa, tena ikiwezekana saa ileile, yeyusha nta ya mishumaa na uchovye ncha zote mbili zizame sentimita 2 au 3. Rangi nzito ya mafuta tabaka mbili inasaidia ukikosa nta, ila nta ni bora.

Pili, usiliache gogo zima likauke na moyo wake ndani. Lipasue kupitia katikati ya moyo, lipate nusu, kisha robo. Moyo wenyewe, ule uzi wa katikati kabisa, utoe na uutupe. Mpingo husinyaa kiasi cha asilimia 2.9 kuelekea katikati na asilimia 4.8 kuzunguka pete zake, tangu ubichi hadi ukavu kabisa. Ni kusinyaa kidogo ukilinganisha na mbao nyingi, na ndiyo maana mpingo ukishakauka hautikisiki. Lakini tofauti ya hizo namba mbili inatosha kulifungua gogo zima kama ganda la njugu.

Tatu, kata vipande kwa ukubwa ulio karibu na kitu unachotaka kutengeneza, ukiacha ziada ya milimita 5 kila upande. Kipande chembamba kinakauka sawasawa zaidi. Kama utatengeneza bakuli au kitu cha mviringo, kikereze kwa ukali kikiwa bado na unyevu, ukiache kinene, halafu ndipo ukihifadhi.

Nne, vipange kivulini, chini ya paa, mbali na sakafu, huku vijiti vya unene sawa vikitenganisha safu. Upepo mwepesi ni mzuri. Upepo mkavu wa moja kwa moja ni adui. Miezi ya kwanza funika kwa magunia. Usiweke juani hata kwa dakika kumi za kupiga picha.

Tano, andika. Kila kipande kipimwe, uzito na tarehe viandikwe juu ya nta kwa kalamu ya rangi. Pima tena kila mwezi. Uzito ukikaa palepale miezi mitatu mfululizo, mbao imeshazoea hewa ya mahali hapo. Kwa vipande vya unene wa sentimita 3 tegemea mwaka mzima au zaidi; vinene zaidi, miaka miwili au mitatu. Hakuna njia ya mkato niliyoona ikifanya kazi bila tanuri la kitaalamu na mtu anayelijua.

Wachongaji wengi wa vinyago hawangoji. Wanachonga mpingo mbichi kwa sababu ni laini zaidi, na hawajakosea, maana ndiyo njia pekee ya kumaliza kinyago kikubwa. Tatizo huja pale mnunuzi anapokipeleka kwenye nyumba yenye kiyoyozi au ya nchi baridi yenye hewa kavu. Wiki ya tatu kinyago kinalia "ta!" usiku na ufa unakimbia kutoka kichwani hadi magotini. Ukichonga mbichi, toboa tundu la siri chini ya kitako kufuata moyo wa gogo, paka nta nzito kila mahali, na umweleze mteja akiweke mbali na mashine za hewa mwaka wa kwanza.

Kupasua na kukereza

Kwa msumeno wa mkanda tumia utepe mpana wenye meno machache makubwa na usukume polepole. Ukisikia sauti ikipanda na moshi ukianza kunukia, simama, utepe umekufa. Kubali kwamba utanoa au kubadilisha mara nyingi kuliko kawaida. Gogo la mviringo usilipitishe kwenye msumeno bila kulifunga kwenye kitako cha mbao kisichozunguka. Mpingo ni mzito, ukizunguka unachukua vidole pamoja nao.

Randa ya mkono inafanya kazi kama imenolewa vizuri sana, mdomo wake umebanwa na inatoa unyoa mwembamba kama karatasi ya sigara. Nyuzi zikigeuka, weka randa chini uchukue bamba la chuma la kukwangulia. Binafsi naanza na bamba moja kwa moja.

Kwenye mashine ya kukereza ndipo mpingo unapoonyesha ubora wake. Hakuna mbao nyingine ninayoijua inayopokea ukingo mkali na mstari mwembamba namna hii bila kumeguka. Anza na patasi ya mfereji kuondoa pembe, ukipunguza kidogokidogo. Kwa kipande chenye kipenyo cha sentimita 2 au 3 nazungusha karibu mara 2,000 kwa dakika; kikubwa zaidi, punguza. Umbo likipatikana, malizia kwa chuma cha kukwangua kilichonolewa upya, kikielekea chini kidogo. Badala ya vinyoa virefu utapata vumbi zito na nyuzi fupi. Ukiona vumbi tu, chuma kimekwisha makali.

Kutoboa ni hatua ya hatari iliyofichika. Keekee ikiendelea bila kupumzika, joto hukaa ndani ya tundu na mbao hupasuka kutoka ndani. Huioni hadi siku ya kusugua. Ingia milimita 5, toa keekee, safisha, acha ipoe, rudi. Niliwahi kutoboa vipande sita vya kalamu mfululizo kwa sababu ya haraka ya mteja, na vinne vikawa kuni. Kuni ghali.

Skrubu haiingii kwenye mpingo bila tundu la awali la kipimo kamili, na ya shaba itavunjika shingo. Tangulia na skrubu ya chuma ya ukubwa huohuo iliyopakwa nta, ifungue, ndipo uweke ya shaba. Au tumia sifa ambayo mbao chache zinayo: kata hesi moja kwa moja ndani ya mbao kwa kifaa cha fundi chuma. Kwa boliti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) toboa tundu la milimita 5, paka nta, kata hesi taratibu. Itafunguka na kufungwa mara nyingi bila kulegea. Vifuniko vya makopo madogo na vipini vya visu vinavyofunguka hutengenezwa hivyo.

Gundi na msasa

Mafuta ya asili ya mpingo huzuia gundi kushika. Kwangua au sugua uso unaounganishwa upate mbao mpya, futa kwa asetoni hadi kitambaa kiache kuchafuka sana, na uunganishe ndani ya robo saa, kabla mafuta hayajapanda tena. Epoksi ndiyo salama. Gundi nyeupe ya mbao inaweza kushika kwenye uso mpya, lakini kwa kiungo kitakachobeba uzito siiamini. Usikaze jiliwa hadi gundi yote itoke. Kiungo kikavu ni kiungo dhaifu.

Msasa una adui wawili. Wa kwanza ni joto: ukibonyeza kwa nguvu kwenye mashine inayozunguka, vinyufa vidogo kama nywele hutokea kwenye ncha za nyuzi, na huwezi kuviondoa bila kukereza upya. Wa pili ni vumbi jeusi kuingia kwenye weupe, kama umeuacha kwa urembo. Dawa yake ni kupaka shelaki (king'arisho kinachoyeyushwa kwa spiriti) nyepesi kwenye weupe kabla ya kusugua, na kupuliza vumbi badala ya kulifuta. Nenda namba 180, 240, 400, 600, na usiruke.

Lakini vumbi linadhuru zaidi fundi kuliko kazi. Vumbi la miti ya Dalbergia huwasha ngozi, macho na mapafu, na kwa baadhi ya watu mwili hujenga chuki nalo taratibu: miaka mitatu huna tatizo, wa nne unaamka macho yamevimba. Barakoa halisi ya vumbi laini, mikono mirefu, kuoga kabla ya kulala. Usitumie mpingo usiopakwa kitu kwa vikuku na hereni za mtu ambaye ngozi yake huijui.

Kumalizia

Hapa watu hujisumbua bure. Mpingo uliosuguliwa hadi 600, kisha kwa kitambaa kikavu, unang'aa wenyewe. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo ya tapentaini, ikapakwa nyembamba na kusuguliwa, inatosha kwa vitu vingi. Ukitaka ulinzi zaidi, shelaki tabaka mbili nyembamba.

Epuka mafuta ya kitani na vanishi za mafuta. Utomvu wa mpingo huzuia nyingi ya hizo zisikauke, na utabaki na kitu kinachonata kwa wiki nzima kinachokusanya vumbi la karakana lote.

Utengeneze nini

Dunia inaufahamu mpingo kwa klarineti, oboi na zumari za Waskoti. Sababu ni ya kifundi: bomba la klarineti hupata pumzi yenye joto na unyevu upande wa ndani na hewa kavu nje, na bado tundu lake lazima libaki na kipimo kilekile. Mpingo uliokauka sawasawa hauyumbi, na unapokea matundu na hesi kwa usahihi wa chuma.

Wamakonde walipata matumizi ya upande mwingine wa gogo. Gogo lililopinda, lenye tundu na mifereji, ambalo mtengeneza klarineti angelitupa, kwao ni nusu ya sanaa imeshafanyika: tundu linakuwa tumbo la shetani, mkunjo unakuwa bega. Tezo, patasi, nyundo ya mbao, tupa. Kabla ya kutupa kipande kibaya kigeuze mara tatu na ukitazame kwa jicho hilo.

Kwa karakana ndogo napendekeza vipini vya patasi na visu, fimbo za kutembelea, vigingi na ubao wa vidole wa gitaa, masega, kete za bao, mihuri. Usianze na meza. Kama kazi yako itavuka mpaka, kumbuka kwamba tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo na karibu miti yote mingine ya Dalbergia imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; kiambatisho hicho kinaruhusu biashara kwa kibali. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliondoa ala za muziki zilizokamilika, na bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo. Vipande vya mbao ghafi havimo kwenye nafuu hiyo, hata kimoja, na mnunuzi wa nje atakuomba kibali.

Mwisho wa siku fagia meza kwa brashi laini, chekecha unga mweusi uliobaki kwa kitambaa, na uujaze kwenye chupa yenye kifuniko. Unga huo ukichanganywa na epoksi ndio utakaoziba ufa wa kipande kijacho, na ukisuguliwa hautaonekana.